Jina Lililoletwa na Mgeni

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ya akina Melissa jijini Doha ilikuwa na utaratibu wake. Mama yake, Virginia, ambaye ni muuguzi, alikuwa akirudi kutoka zamu na kuvua viatu mlangoni. Baba yake, Gerishon, msimamizi wa walinzi katika jengo moja refu la West Bay, alikuwa ameshaondoka na basi la kampuni. Melissa mwenyewe, msichana wa miaka kumi na miwili, alikunywa chai ya maziwa, akala chapati, kisha akapiga magoti kutafuta daftari lake la Kiswahili chini ya kochi. Daftari hilo lilikuwa na tabia ya kupotea kila Jumamosi.

Darasa la Kiswahili lilifanyika katika ukumbi mdogo wa jengo walimoishi akina Melissa. Wazazi Wakenya na Waganda walikuwa wameuomba ukumbi huo kwa mwenye jengo ili watoto wao wasisahau lugha. Siku nyingine watoto walisoma shule mbalimbali, wakizungumza Kiingereza kingi na Kiarabu cha kuombea maji. Jumamosi walikuwa wa mwalimu Peninah.

Shida ya kwanza ya mwalimu Peninah ilikuwa kuita majina. Akisema "Melissa," wanaitika watatu. Mwishowe aliwagawanya: Melissa Mrefu, Melissa wa Miwani na Melissa wa Tatu. Wa Tatu ndiye huyu wetu. Hakuwa mrefu, wala hakuvaa miwani, kwa hiyo alibakiwa na namba, na namba hiyo hakuipenda hata kidogo.

"Mimi nilipokuwa shule, hili jina hatukulisikia," mwalimu Peninah alisema siku moja akiwa ameweka kalamu chini. "Darasa zima tulikuwa akina Grace na akina Jane. Leo ukiita Melissa sokoni, wanageuka wasichana wote. Nani anajua limetoka wapi?"

"Limetoka kwa TV, Teacher," alisema Rodney, mvulana ambaye jibu lake lilikuwa likitangulia swali.

"Limetoka mbali kuliko TV. Ni neno la Kigiriki, maana yake nyuki. Miaka ya sabini Wamarekani walilipenda sana, wakawapa watoto wao wengi. Baadaye likasafiri kwa redio, kwa filamu, kwa vitabu vya majina, hadi likafika kwetu. Lakini hiyo ni safari ya jina lenyewe. Ninachotaka mniletee ni namna jina lako lilivyofika kwenu. Nani alilileta, na kwa nini ukapewa wewe. Jumamosi ijayo mtasimulia hapa darasani, na Ijumaa itakayofuata tutawasimulia wazazi alasiri, baada ya ibada."

Jumamosi iliyofuata wanafunzi walisimulia kwa zamu. Melissa Mrefu alisema mama yake alilisoma katika gazeti akisukwa nywele saluni. Melissa wa Miwani alisema mama yake alilitoa kwenye tamthilia, na Rodney akacheka mpaka akaonywa. Halafu Stacy, rafiki wa Melissa, akaeleza kwamba jina lake ni Anastasia lililofupishwa, na kwamba Anastasia ni nyanya yake wa Kakamega, mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule kijijini kwao. Darasa lilipiga makofi.

"Sasa wewe wa Tatu," Rodney alinong'ona. "Mamako alikopi kwa nani?"

Melissa alijua kabisa jina lake lilitoka kwa nani. Lilitoka kwa Anti Melissa, Mganda wa kutoka Masaka aliyefanya kazi katika nyumba moja huko Umm Salal. Anti Melissa alipika, alifua, alipiga pasi, na alikuwa amelea watoto wa nyumba hiyo mpaka wakaota ndevu. Melissa alimpenda sana wajina wake huyo. Lakini wiki chache nyuma walikuwa wamempita mama mmoja mlangoni, amevaa sare na kubeba mifuko ya madam wake, na Rodney akasema, "Achana naye, huyo ni kadama tu," neno la kuwadharau watumishi wa nyumbani. Wote walicheka, na Melissa alicheka pia.

Basi akasimama mbele ya darasa, na mdomo ukafanya kazi ambayo haukutumwa.

"Nyanya yangu huko Nandi ni mfugaji wa nyuki," alisema. "Ana mizinga mingi. Nilipozaliwa, nyuki walikuja wengi sana nyumbani kwake, akapiga simu akasema mtoto aitwe Melissa."

Ukweli ni kwamba nyanya yake hulima majani chai, na akiona nyuki mmoja hufunga madirisha yote. Lakini darasa halikumjua nyanya huyo. Mwalimu Peninah aliweka mkono kifuani kwa furaha.

"Hiyo ni hadithi ya kufungia kazi," alisema. "Ijumaa wewe utakuwa wa mwisho. Na kama nyanya ametuma asali, tuletee tuione."

Uongo una gharama, na gharama ya kwanza ilikuwa chupa ya asali. Melissa aliichukua kabatini, akailoweka kwenye maji, akabandua karatasi yenye maandishi ya Kiarabu, akaifuta vizuri. Alipomaliza aliitazama, akaona kweli inafanana na asali ya nyanya wa mtu. Hakufurahi kama alivyotarajia.

Siku iliyotangulia sherehe, mama yake aliingia jikoni akiwa ameshika simu, uso umemchangamka.

"Mellie, nina habari. Anti Melissa anakuja kesho. Madam amemruhusu."

"Anakuja wapi?" Melissa aliuliza, ingawa alijua.

"Kukusikiliza, wapi tena? Nilimwambia mnaeleza majina, akanyamaza kwenye simu, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe analia. Unajua wiki ijayo anarudi Masaka moja kwa moja. Mkataba umeisha na mgongo umechoka. Amesema hawezi kuondoka Doha bila kusikia mtoto wake akilieleza jina lake mbele ya watu."

Melissa alipiga hesabu. Akimaliza hadithi ya nyuki kesho, Anti Melissa atapanda ndege akijua kwamba mtoto aliyepewa jina lake amemfuta. Na akisema ukweli, Rodney na wenzake watamcheka mpaka atakapomaliza shule.

Asubuhi ya Ijumaa alijaribu kuugua. Alilala amejikunja, akasema tumbo linamuuma vibaya.

Kumdanganya muuguzi kuhusu tumbo si kazi rahisi. Mama yake alikaa kitandani, akaminya hapa, akaminya pale. "Hapa unaumwa?"

"Sana."

"Na hapa?"

"Hapo ndipo kabisa."

"Hapo ni mbavu," alisema mama. "Amka uoge. Woga wa kusimama mbele ya watu haujamwua mtu."

Alasiri ukumbi ulijaa. Anti Melissa alifika mapema kuliko wote, amevaa gomesi, vazi la heshima la Kiganda, la rangi ya machungwa lenye mabega yaliyosimama na mshipi wa kung'aa. Melissa alikuwa amezoea kumwona akiwa na sare ya kazi. Leo alipita kati ya viti kama mama wa bibi harusi, akasalimia kila mtu, akaketi mstari wa mbele kando ya Virginia.

"Mtoto wangu anaongea leo," alimwambia mama wa Rodney, ambaye hakuwa amemwuliza.

Watoto walisimulia, wazazi wakapiga makofi. Ikafika zamu ya mwisho. Melissa alisimama na chupa yake ya asali, na mwalimu Peninah akamtabasamia kumtia moyo.

"Jina langu ni Melissa Jeptoo," alianza. "Nyanya yangu anaishi Nandi. Nyanya yangu anafuga nyuki."

Aliona mama yake akikunja uso. Virginia alimjua vizuri mama mkwe wake na madirisha yake. Lakini Anti Melissa hakukunja uso. Aliinama mbele, akaitikia kwa kichwa polepole kumtia moyo mtoto aendelee, akitabasamu, akingoja sehemu yake ifike. Aliamini kabisa kwamba itafika.

Hapo Melissa alishindwa. Aliweka chupa mezani.

"Samahani," alisema. "Hiyo si kweli. Nyanya anaogopa nyuki. Hii asali ni ya dukani, niliitoa karatasi."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamaza alipoona hakuna anayemfuata. Mwalimu Peninah alisogea hatua moja, halafu akasimama.

"Ya kweli ni hii," Melissa aliendelea. "Mama alikuwa mgeni hapa Doha, ana mimba yangu. Alikuwa hajaanza kazi, na hakuwa na ndugu. Baba alikuwa kazini mbali, na walinzi hawakuruhusiwa kushika simu. Kanisani mama alikuwa amefahamiana na Anti Melissa, ambaye anafanya kazi ya nyumbani kule Umm Salal. Anti alikuwa anapumzika siku ya Ijumaa tu. Ijumaa moja hakulala, hakwenda kutembea. Alipika matoke akaja kumwona mama, kwa sababu mama hakuwa akila vizuri. Alipofika akamkuta ameanguka sakafuni. Aliita ambulensi, akapanda naye, akamshika mkono mpaka nikazaliwa. Madaktari walisema mama angechelewa kidogo tu, mambo yangekuwa mengine. Anti hakurudi kazini mpaka kesho yake, na madam wake wa wakati huo akamnyima mapumziko kwa muda mrefu."

Alivuta pumzi. "Kwetu Wakalenjin, msichana akizaliwa wageni wakiwa wamekuja, anaitwa Jeptoo. Mgeni aliyekuja ni Anti, kwa hiyo mimi ni Jeptoo kwa sababu yake, na ni Melissa kwa sababu yake. Nililijua hilo tangu zamani. Nilificha kwa sababu niliona haya kusema nimeitwa jina la mtu anayefanya kazi za nyumbani. Anti, nisamehe."

Virginia alikuwa akifuta macho kwa pindo la leso, na huenda alikuwa na hasira na furaha kwa pamoja, kama mama yeyote mwenye akili timamu.

Mwalimu Peninah ndiye aliyesema kwanza. "Melissa, ulinidanganya, na mimi niliufurahia uongo wako kwa sababu ulikuwa mtamu. Jumamosi tutaongea. Lakini nyote sikieni. Jina linaweza kutoka Ugiriki, likatoka kwenye gazeti la saluni au kwenye tamthilia, na halina kosa. Aibu haiko kwenye jina wala kwenye kazi ya mtu. Aibu ni kutendewa wema mkubwa namna hii halafu ukauficha. Wema uliotendewa unatakiwa kuutaja mbele ya watu, na leo umeutaja. Kwa hilo nakupongeza."

Kisha akamgeukia mgeni. "Anti, tungependa kusikia neno kutoka kwako."

Anti Melissa alikataa kwa mkono, akasukumwa na Virginia, akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia kazini na kanisani, lakini kila mtu alimwelewa.

"Mimi, bambi, jamani, sina maneno," alisema. "Hili jina, baba yangu alisikia kwa redio. Alikuwa dereva wa lori. Nikamwuliza, Taata, maana yake nini? Akasema, inasikika vizuri. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yangu yote. Shuleni wenzangu walikuwa na majina ya ukoo, ya majajja wao, nyanya na babu zao, mimi nina jina la redio. Nilikuwa naona kama nguo ya kuazima." Alirekebisha mshipi wake. "Mimi sikuzaa. Nimelea watoto wa watu, nawapenda, lakini wakikua wanasahau, na si makosa yao. Sasa ninaenda nyumbani, na watu wataniuliza, Melissa, miaka yote hiyo umeleta nini? Nilikuwa sijui nitajibu nini. Leo najua. Nitasema, kule Doha kuna msichana mwerevu, kasimama mbele ya watu wote akasema yeye ni Melissa kwa sababu yangu."

Rodney hakucheka. Watu walipoanza kunyanyuka kwenda kwenye sambusa na soda, alionekana akipenya katikati yao na soda baridi, akamshikisha Anti Melissa kwa mikono miwili. "Karibu, Anti," alisema, halafu akatoweka haraka kabla hajaulizwa jambo.

Melissa alibaki amesimama kando ya meza, hajui kama anaruhusiwa kusogea. Anti Melissa alifungua mikono, na mtoto akamwangukia kifuani, kwenye kitambaa kile cha rangi ya machungwa kilichonukia sabuni na pasi ya moto.

"Umekasirika, Anti?"

"Nilikasirika kidogo pale kwa nyuki," alisema Anti Melissa. "Ikaisha."

"Asante kwa kuja siku ile," Melissa alisema. Alishangaa kwamba katika miaka yake yote alikuwa hajawahi kumwambia neno hilo.

"Na wewe asante, mwanangu, kwa kuzaliwa Ijumaa," Anti Melissa alijibu, akimpapasa mgongo. "Ungekuja Jumamosi, ningekuwa napiga pasi."