Mlango kwa Mlango

Jumanne, saa nne asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi, hakina dirisha. Kipara alichora mistatili miwili mezani kwa chaki.

"Hili kontena la simu. Hili letu, la magodoro. Yote yanatoka nchi jirani, meli moja. Ndani ya letu atakuwamo Sindano."

Breki, dereva wa lori, akasema Sindano alivyokonda, hata watu wa ushuru wakimkuta watamhesabu kama kona ya godoro. Sindano akacheka. Dada yake hakucheka. Yeye ni karani wa yadi ya bandari, ndiye anayeandika kila kontena liwekwe wapi. Bila yeye hakuna kazi.

Mpango ulikuwa hivi. Sindano angefungiwa humo ng'ambo na kusafiri usiku mmoja. Yadini, karani angeyapanga makontena mawili yatazamane milango, hatua mbili katikati, ili mlinzi asione kitu. Saa ya chakula angemfungulia kaka yake. Sindano angekata lakiri iliyofunga mlango wa kontena la simu, ahamishe makasha, abane lakiri nyingine yenye namba ileile, kisha ajifiche tena kwenye magodoro. Breki angelitoa kontena hilo getini, Sindano na makasha ndani, kwa karatasi halali.

Karani alitaka kukataa. Sindano alimshika bega. Ndiye kaka aliyemlea tangu mama yao afariki, na sasa alikuwa mwaka wa pili bila kazi.

"Mara moja tu, mdogo wangu. Nimechoka kula jasho lako."

Ijumaa, saa tano asubuhi.

Meli ilifika na makontena yakashuka. Karani aliandika maagizo harakaharaka, jasho likimtiririka mgongoni. Kreni ikapanga, ikarudi melini.

Saa sita na dakika kumi.

Alizunguka safu ya nne na chupa ya maji mkononi. Akasimama kama aliyepigwa kofi. Makontena yalikuwa yamebanana, chuma kwa chuma. Hata kiganja kisingepita.

Alijua papo hapo. Kontena lenye mali ya bei, yadi hii huligandamiza mlango kwa mlango na jingine, mwizi asipate pa kushika. Miaka minne ameandika agizo hilo kila alipoona simu. Leo mkono umeandika wenyewe.

Akagonga ubavuni mwa kontena la magodoro. Ndani kukagongwa mara tatu.

"Fungua, mdogo wangu." Sauti ilikuwa kavu. "Maji yamekwisha. Humu naiva."

Alimpigia Kipara, aliyekuwa na Breki kwenye lori nje ya geti. Akamweleza yote. Kipara alisikiliza, kisha akasema waache hadi Jumatatu, kontena litoke kwa utaratibu.

"Jumatatu atakuwa maiti."

"Maiti hataji mtu."

Simu ikakatika. Alipokimbia hadi getini, lori halikuwapo.

Saa saba kasoro robo.

Msimamizi alikuwa anakula. Karani akasema amekosea mpangilio, anaomba kreni. Msimamizi akajibu kwamba kreni zina kazi ya meli hadi jioni, na kosa la karatasi halijawahi kuua mtu. Akaendelea kutafuna.

Karani akarudi safu ya nne. Akagonga. Hakuna jibu. Akagonga tena, kwa ngumi zote mbili.

Kidole kimoja kikakwaruza upande wa pili.

Alirudi kwa msimamizi mbio. "Kuna mtu ndani ya magodoro. Nimemsikia."

Saa saba na nusu.

Kreni ikalivuta kontena. Askari wawili wakafungua. Sindano alianguka nje kama nguo iliyoloa. Wakammwagia maji. Alipofumbua macho, askari akamuuliza yuko na nani.

"Peke yangu."

"Na huyu dada aliyekuokoa?"

Sindano alimtazama kama anavyotazamwa mpita njia. "Simjui."

Askari akamfunga pingu. "Basi kesi yote utaibeba mwenyewe, hadi uzeeni."

Karani angeweza kurudi ofisini. Msimamizi alikuwa tayari anamsifu kwa masikio yake. Alikuwa na kazi, na mpango wa meli ya saa tisa ulimsubiri mezani.

Karani akapiga magoti, akamwekea Sindano chupa mdomoni.

"Ni kaka yangu," akamwambia askari. "Mimi ndiye niliyepanga haya makontena."

Sindano akageuza uso, maji yakimwagika kidevuni. "Mjinga wewe," akanong'ona, analia.

"Kunywa kwanza." Kisha, bila kumtazama askari, akaanza kumtajia namba ya lori la Breki na Kipara.