Inchi Moja ya Konveta

Gari lilikutwa limekufa asubuhi ya Jumamosi, mwaka 1956, katika gereji moja pale Daraja Mbili, Arusha. Injini ilinguruma lakini magurudumu hayakutikisika. Oili ilitapakaa sakafuni.

Saa tisa alasiri lilitakiwa Olasiti, kwenye barabara iliyonyooka, kushindana mbio na gari la Moshi kwa robo maili.

Mwenye gari, Bwana Reginald, alikwisha kumpata mkosaji wake: fundi Lesikar, aliyefunga giaboksi juzi. Alikamatwa asubuhi hiyo hiyo mbele ya mkewe, Nashipae.

Inspekta Shomari aliamuru giaboksi ishushwe, akapiga magoti kwenye oili na sare yake. Pampu ya oili iliyo ndani yake ilikuwa imepasuka.

"Hujuma!" alisema Bwana Reginald. "Aende jela."

"Mwenye hujuma hutia mchanga, Bwana. Huyu amekaza bolti mpaka nyuzi zimechunika. Alitaka gari liende."

Mafundi wa gereji walikuwa wawili tu. Shomari akaagiza Lesikar aletwe na giaboksi ya akiba itolewe, kisha akamgeukia fundi mkuu, bingwa wa malori.

"Shikamoo, mzee Romanus. Hebu nifungie hii nione."

"Marahaba. Kazi ndogo hiyo."

Romanus alipachika kwenye giaboksi konveta, lile dude la duara lijaalo oili, lifanyalo kazi ya klachi katika magari mapya ya Kimarekani. Giaboksi ikainuliwa. Ilibaki inchi moja kukutana na injini. Akachukua spana.

"Mbona haijafika?" aliuliza Shomari.

"Bolti zitaivuta. Miaka ishirini malori nayavuta hivi hivi."

"Weka spana chini, mzee!" Lesikar aliruka, pingu zikalia. "Konveta haijazama, utapasua pampu!"

Shomari alimtazama Romanus bila kupepesa. "Na ile ya kwanza uliivuta lini?"

Mzee aliiweka spana chini.

"Mfungueni Lesikar."

Lesikar aliisukuma konveta huku akiizungusha taratibu. Ikazama kidogo. Akazungusha, ikazama tena. Mara ya tatu ikakaa. Giaboksi ikakutana na injini kwa mikono mitupu, na konveta ndani bado ikizunguka kwa ulaini.

Romanus aliketi juu ya tairi.

"Jana alipokwenda shambani kwake niliifungua," alisema. "Mtaa mzima wa Lemara, fundi Lesikar, fundi Lesikar! Nani alimfundisha kushika spana, si mimi? Nilitaka niifunge mimi, gari likishinda niseme ni mkono wangu. Pampu ilipopasuka nikaogopa."

"Ukamwacha afungwe pingu."

"Nikamwacha, afande. Kwa wivu tu."

Bwana Reginald alivua kofia, akampa Lesikar mkono mbele ya watu wote.

Saa tisa, pale Olasiti, bendera ilishuka. Gari la Moshi lilitangulia kidogo, dereva wake akihangaika na gia. La Arusha halikusita hata mara moja; likaondoka kama mshale, likamwacha mwenzake akila vumbi. Watu wakavamia barabara, wakambeba Lesikar juu juu. Shomari mwenyewe alijikuta anarusha kofia.

Nashipae alipenya katikati ya vigelegele, akamvuta mumewe mkono.

"Haya, fundi, shuka! Twende ukaoge. Unanuka kituo cha polisi."