Keki ya Krismasi ya Wanawake

Mwaka mzima, aliyetangulia kuamka nyumbani kwetu alikuwa mama. Aliwasha moto wa makaa ya mawe, akapika uji, akamfungia baba mkate wa kwenda nao bandarini, akatuchana nywele mimi na mdogo wangu Denny. Kisha aliteremka mlima hadi hospitali, akafua mashuka ya wagonjwa mpaka jioni. Akirudi, kazi za nyumbani zinamngoja. Jina lake Nonie Cotter, na sijapata kuona mikono myekundu kama yake.

Siku moja tu mambo yaligeuka: tarehe sita Januari, Krismasi ya Wanawake. Siku hiyo, hapa mjini kwetu Cork, wanaume ndio hupika na kuosha vyombo, nao wanawake huketi, hunywa chai na kupiga soga. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, zamu ya kuwakaribisha wenzake ilimwangukia mama. Alikuwa ameoka keki maalumu kwa ajili hiyo: zabibu kavu tele, wiski kidogo, na nje ganda gumu la sukari nyeupe. Aliifungia ndani ya kopo kubwa la bati juu ya kabati.

"Atakayeigusa atanijua mimi ni nani," alituambia.

Asubuhi ya siku yenyewe, baba, kuli mwenye mabega mapana, alivaa aproni ya mama yenye maua. Jirani yetu, Bwana Lucey, akamchungulia juu ya ukuta wa uani.

"Christy! Umependeza, bibi harusi!"

"Na wewe ndoo yako ya viazi nimeiona," baba akajibu. "Menya, acha maneno!"

Mama alikuwa amekalishwa karibu na moto, miguu juu ya kigoda, akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kila alipoinuka kukoroga kitu, baba alimrudisha kitini.

"Keti, Nonie. Leo hata kijiko hushiki."

"Soseji zinaungua, Christy."

"Mimi nazipenda hivyo hivyo."

Nyumba nzima ilicheka, isipokuwa mimi. Nilikuwa nalitazama lile kopo.

Maana ukweli ni huu. Siku ya Mtakatifu Stefano, siku moja baada ya Krismasi, mama akiwa kazini, nilitoboa tundu dogo nyuma ya keki nikaonja. Kesho yake nikaonja tena. Siku kumi nilichokonoa kwa kijiko, kila siku nikijiambia kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, mpaka ndani hapakubaki kitu. Kwa mbele ilionekana nzima. Kumbe lilikuwa ganda tupu.

Saa nane mchana baba aliliteremsha kopo. "Mbona jepesi?" akashangaa. Akafungua, akaigusa keki kwa kidole. Kidole kikazama.

Baba akamgeukia Denny, ambaye mwezi wa Novemba alimaliza jamu yote ya nyumba.

"Denny!"

"Siyo mimi!"

"Hata kwa jamu ulisema siyo wewe, na jamu ilikuwa puani. Haya, panda juu ukalale. Wageni hutawaona, wala chai hunywi."

Denny alikuwa na miaka sita, na juma zima alikuwa akijifunza kubeba sinia, kwa kuwa aliahidiwa kwamba ndiye atakayewapelekea wageni biskuti. Alilia kwa kwikwi. "Naapa, baba, siyo mimi!"

Naona haya kusema, lakini nilinyamaza. Niliona kwamba nikikaa kimya nimepona. Denny akaanza kupanda ngazi, akifuta pua kwa mkono wa sweta, na hapo nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Denny hajui lolote."

Mama aliniangalia. "Keki yote, Eily?"

"Yote, mama."

"Tangu Oktoba nikiinamia beseni la mashuka ninaiwaza keki ile," akasema polepole. Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Niliumia moyoni kuliko kama ningechapwa.

Kisha akainuka, akakunja mikono ya blauzi. "Basi. Wanakuja saa kumi. Nipe unga."

Nikamzuia njiani. "Hapana, mama. Leo ni siku yako. Nitapika mimi."

"Wewe? Hata yai hujawahi kuchemsha!"

"Utaniambia, nami nitafanya."

Tulikuwa na matufaha matano yaliyosinyaa, unga, siagi, sukari na yai moja. Mama alikalia mikono yake ili asije akaingilia, akaniongoza kwa maneno.

"Siagi uivuruge kwenye unga kwa ncha za vidole. Siyo hivyo, unakanda udongo? Christy, niache nimwonyeshe kidogo tu."

"Keti!" tukasema sote watatu kwa pamoja.

Nilimwomba Denny radhi. Alifikiri sana, kisha akasema atanisamehe nikimpa maganda ya matufaha. Nikampa yote.

Keki ilitoka ovenini imelala upande mmoja, na ukingo wake umeungua. Saa kumi wakaingia Shangazi Hannie, dada yake baba, na majirani wawili, Mama Lucey na Mama Buckley. Denny akapita na sinia lake, kidevu juu. Mimi nikaingia na keki.

"Waeleze mwenyewe," mama akasema.

Nikawaeleza yote, macho chini. Nilipomaliza, Shangazi Hannie, aliyekwisha kusimuliwa utani wa Bwana Lucey wa asubuhi, akaagiza, "Lete hilo ganda nilione." Akaligeuza huku na huku, kisha akalivaa kichwani. "Kofia ya harusi ya Christy!" Likapasuka, vipande vikamwangukia kwenye chai. Walicheka mpaka Bwana Lucey akaja kuuliza kuna nini. Aliyecheka zaidi ni mama.

Kisha akaionja keki yangu. Akatafuna, machozi yakamlengalenga.

"Mbaya, mama?"

"Imeungua," akasema. "Lakini nimeolewa miaka kumi na mitatu, na hii ndiyo keki ya kwanza ninayokula bila kuipika mwenyewe. Sikiliza, Eily. Ile uliyokula imekwisha, sina kinyongo. Ila ungemwacha mdogo wako alale na njaa kwa kosa lako, hilo nisingelisahau. Ukikosea, sema wewe kabla mwenzako hajaumia. Halafu fanya kazi, urekebishe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Akanisogezea sahani yake. "Haya, nikatie kipande kingine. Kikubwa."