Mlio wa Injini Inayopoa

Yaliyompata rafiki yangu fundi nayasema kama alivyonieleza, naye si mtu wa kutia chumvi. Kaka yake alikuwa na pikipiki kuukuu ya safari ndefu, ile yenye silinda mbili zilizochomoza ubavuni na shafti badala ya mnyororo. Ilikutwa kando ya barabara kuu, haina hata mkwaruzo. Mwenyewe hakuonekana tena.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alipokosa wa kumuuliza, fundi aliivuta hadi gerejini kwake akaifungua injini, apate kukiuliza chuma. Akazivua silinda, akazilaza pistoni mezani juu ya kitambaa. Hakuona kasoro.

Jioni mke wa kaka yake akaja, macho yamevimba.

"Shemeji, umepata chochote?"

"Bado, shemeji."

Umeme ukakatika. Gereji haina dirisha, giza likawa totoro. Ndipo ikasikika: tik... tik, tik... Wote wawili waliujua mlio huo. Injini iliyotoka mbali hulia hivyo ikipoa, na kwa mlio huo huyu mama alikuwa akijua mumewe amefika uani.

"Umeiwasha?" akanong'ona.

"Nitaiwashaje, shemeji? Imefunguliwa." Akapapasa meza. Pistoni zote mbili zilikuwepo, za baridi.

Shemeji yake akaifuata sauti gizani, akaweka kiganja juu ya kiti cha pikipiki. Kilikuwa na joto, na sponji yake ilikuwa ikiinuka polepole chini ya mkono wake, kama inavyoinuka mtu akishuka.