Kiwele Mnadani

Kila Jumamosi kazi yangu ni kufagia banda la mbuzi, na kazi ya mbuzi wetu mweusi ni kulichafua kabla sijaweka fagio chini. Jumamosi ile tulimpeleka mnadani. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vimeachama, na Mama alisema mbuzi akiuzwa, nitafungua shule na viatu vipya.

Tulitembea kutoka kwetu Hombolo, mimi nikivuta kamba, mwanambuzi akifuata, Mama akiwa na mdogo wangu Lameck mgongoni. Mnadani dalali Bartolomayo, mwenye fimbo ndefu na sauti ya spika ya kanisani, akatupanga wa nne.

Jua lilipokaza, Lameck akalia. Mama akaketi kwenye jiwe, akamnyonyesha.

"We mama!" Bartolomayo akafoka. "Huoni watu? Unanifukuzia wateja. Nenda nyuma ya choo huko!"

"Mtoto ana njaa, baba."

"Kaimalizie huko hiyo njaa!"

Vijana wakacheka. Mmoja akapiga mluzi.

Na mimi je? Ningependa kusema nilimtetea. Nilimvuta kitenge, nikanong'ona, "Mama, twende tu. Watu wananitazama."

Mama alimtoa Lameck ziwani. Akanyanyuka. Mbuzi tukamwacha amefungwa pale pale.

Nyuma ya choo palinuka mpaka macho yakawasha. Nzi walitua kwenye midomo ya Lameck. Aligeuza uso, akakataa ziwa, akalia hadi sauti ikamkauka. Mama alikuwa akifukuza nzi. Hasira ikanipanda kutoka nyayoni. Ilianza na Bartolomayo, lakini haikuishia kwake. Mimi ndiye niliyemvuta Mama kitenge.

"Turudi, Mama. Nisamehe. Turudi!"

Tulimkuta Bartolomayo amechuchumaa kando ya mbuzi wetu, anaminya kiwele mbele ya umati. Upande wa pili mwanambuzi ananyonya kwa raha zake.

"Tazameni kiwele hiki, jamani! Maziwa haya!" Watu wazima wakainama wajionee.

"Basi na huyo mpeleke chooni!" nikapiga kelele. "Si naye ananyonyesha hadharani?"

Mnada ukaangua kicheko. Bartolomayo akainua fimbo. "Mtoto huna adabu!"

"Mguse uone," alisema bibi mmoja mwenye baibui. Alikuwa Bibi Adija, muuza maziwa wa mjini, amekuja kutafuta mbuzi. "Njoo mwanangu, keti hapa penye kivuli, nyonyesha. Sinunui kitu mpaka huyu mtoto ashibe."

Lameck akanyonya kwa pupa. Bibi Adija alisubiri kweli, na Bartolomayo akasubiri naye, amenuna, maana dalali bila mnunuzi ni mpiga kelele tu. Mwishowe Bibi Adija akamnunua mbuzi pamoja na mwanawe.

Njiani nilimwomba Mama msamaha tena. Hakutabasamu.

"Yule dalali alinikasirisha, Hana mwanangu. Wewe uliniumiza. Mtoto mwenye njaa hulishwa pale alipo. Wewe nilikunyonyesha shambani, kanisani, na kwenye mnada huo huo, na sikumwomba mtu ruhusa. Ukimwona mama ananyonyesha, mpishe kivulini. Wakimcheka, simama upande wake mapema, kabla hajafikishwa chooni."