Ndege ya Pili

Siku za likizo, Chiriku ndiye aliyefungua ofisi ya baba yake. Ilikuwa ofisi kwa jina tu. Kwa kweli ilikuwa nusu ya chumba, iliyotenganishwa na kinyozi kwa ubao mwembamba, na ndani yake mlikuwa na meza, kompyuta, viti viwili vya wateja na picha ya ndege iliyopauka kwa jua. Baba yake alikuwa wakala wa safari. Watu walimwendea awakatie tiketi, naye aliwatafutia ndege ya kwanza, ya pili na hata ya tatu, mpaka wafike walikotaka kufika.

Jina la Chiriku alilipata kwa kinyozi, kwa sababu ya mdomo wake. "Huyu mtoto akinyamaza," kinyozi aliwaambia wateja wake, "mjue amelala."

Kila asubuhi Chiriku alipewa kazi moja ambayo baba aliithamini kuliko kufagia au kupokea simu: kukagua tiketi. Wateja wengi wa baba walikuwa wazee wasio na barua pepe, kwa hiyo kwenye tiketi zao aliandika anwani ya ofisi. Kampuni ya ndege ikibadilisha safari, habari ilikuja pale mezani na si kwingine.

"Usiangalie rangi ya kijani kwenye orodha ya majina ukadhani mambo ni safi," baba alimwambia. "Fungua tiketi ya kila mtu. Soma mpaka chini. Ndege hazina haya, mwanangu. Zinahama bila kuaga."

"Sawa, baba."

Mteja aliyemshughulisha baba zaidi wakati huo alikuwa Bibi Mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake alipokuwa akifanya kazi kliniki, Chiriku akiwa mmoja wao. Lakini wajukuu wake mwenyewe, watoto wa mwanawe wa pekee, hakuwahi hata kuwagusa. Mwanawe aliishi nchi ya mbali, na kila Bibi alipoomba viza ya kwenda huko alinyimwa. Ndipo mwanawe akapata wazo. Yeye na familia yake wangepanda meli ya watalii, moja ya zile kubwa zenye vyumba kama hoteli, ambayo ingeanza safari katika bandari ya nchi isiyomdai Bibi viza. Bibi angewakuta hapo, na wangekaa pamoja baharini wiki nzima.

"Baba Chiriku, hiyo meli itanisubiri?" Bibi aliuliza siku alipokuja kuchukua tiketi.

"Meli haisubiri mtu, mama. Ndiyo maana nakufikisha siku moja kabla. Unalala hoteli ya karibu na bandari, asubuhi unaamka umepumzika, unapanda."

"Kwani mimi mgonjwa, hata nipumzishwe?"

"Wewe mzima kabisa. Ndege ndizo huugua."

Bibi alicheka mpaka kinyozi akagonga ubao kuuliza kulikoni. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Ndege ya kwanza ingempeleka asubuhi kwenye uwanja mkubwa wa nchi nyingine. Ndege ya pili ingemtoa hapo jioni na kumfikisha mji wa bandarini. Kesho yake mchana, meli ingeng'oa nanga.

Katika siku zile Chiriku alikuwa amegundua mchezo wa kuigiza kwenye kompyuta, wenye vipande vingi, na kila kipande kiliishia mahali ambapo huwezi kukiacha. Asubuhi alifungua ukurasa wenye majina ya abiria, akaona kijani juu hadi chini, akaufunga, akarudi kwenye mchezo wake.

"Umekagua?" baba aliuliza akiingia.

"Nimekagua."

"Ya Bibi umeifungua?"

"Nimeifungua, baba. Iko sawa."

Maneno hayo yalitoka mdomoni kwa wepesi, kama salamu. Aliyarudia siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena.

Siku ya safari ikafika. Baba aliondoka mapema kumsindikiza Bibi uwanja wa ndege, Chiriku akabaki ofisini. Mchezo ulikuwa umeisha jana yake. Kwa kukosa la kufanya, akafungua tiketi ya Bibi ili aone ndege yake imepangwa kuruka saa ngapi.

Ndege ya kwanza ilikuwa sawa. Chini yake, mahali pa ndege ya pili, palikuwa na mstari mwekundu. Safari ya jioni ilikuwa imefutwa. Abiria alikuwa amehamishiwa ndege ya kesho yake mchana. Ujumbe wenyewe ulikuwa umeingia siku kadhaa zilizopita.

Chiriku alisoma mara mbili. Hata yeye aliweza kupiga hesabu ile. Ndege ya kesho mchana ingetua wakati meli iko baharini.

Alijua afanye nini, maana alikuwa amemwona baba akifanya mara nyingi. Alitafuta ndege za kampuni nyingine zinazotoka uwanja ule mkubwa jioni ileile, akaipata moja. Viti bado vilikuwepo. Simu ilikuwa mezani. Kilichobaki kilikuwa kumpigia baba tu.

Akaishika simu. Halafu akalisikia swali la baba kabla hajaulizwa: Si ulisema umeifungua? Akairudisha simu mezani.

"Chiriku!" kinyozi aliita kutoka upande wa pili. "Vipi, leo umekunywa dawa ya usingizi?"

"Nipo," alijibu. Akaifunga ile tiketi. Akajiambia kwamba watu wa kule uwanjani wangemwona Bibi na kumsaidia wenyewe. Wakubwa wana njia zao.

Alasiri, baba akiwa amesharudi ofisini, simu yake ililia. Sauti ya Bibi ilijaa chumbani.

"Mwanangu, huku wananiambia ndege yangu ni ya kesho."

"Ya kesho? Haiwezekani, mama. Usiondoke hapo ulipo."

Baba alifungua kompyuta. Chiriku alimwona akisoma mpaka chini, kisha akisoma tena. Vidole vyake vikaanza kukimbia. Alitafuta ile ndege ya kampuni nyingine, lakini viti vilikuwa vimekwisha. Alipiga simu kampuni ya ndege, akaombwa asubiri, akasubiri muziki ukilia, akaambiwa hapana. Alitafuta njia ya kumfikisha Bibi kwenye bandari ya pili ambako meli ingetia nanga, lakini nchi ile ilitaka viza. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Chiriku," alisema hatimaye, bila kupandisha sauti. "Ujumbe huu umekaa hapa siku nyingi. Hukuuona?"

Hapo palikuwa na nafasi nyingine, na Chiriku aliiona. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa umemshika mkono.

"Niliuona, baba. Nilimpigia Bibi nikamwambia."

"Ulimwambia Bibi? Mbona hukuniambia mimi?"

"Alisema atakwambia mwenyewe. Labda alisahau."

Baba alimtazama sana. Mtoto wake alikuwa na maneno mengi, lakini hakuwahi kumkamata katika uongo. Akashusha pumzi, akampigia mtoto wa Bibi kule mbali. Chiriku alisikia kila neno. "Ndiyo, kaka. Nabeba lawama, ilikuwa nihakikishe mwenyewe. Lakini mama aliarifiwa. Nadhani alisahau."

Bibi alirudi baada ya siku chache, mizigo yake ikiwa haijafunguliwa. Baba alimchukua Chiriku wakaenda kumpa pole. Walimkuta ameketi sebuleni, begi liko palepale mlangoni.

"Shikamoo, Bibi," Chiriku alisema.

"Marahaba. Kaeni." Kisha, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine, akasema, "Hiyo meli nimeiona. Nilichukua teksi kutoka uwanjani mpaka bandarini, nikamwambia dereva akimbie. Kubwa kuliko mtaa huu wote. Nimeiona mgongo. Watu walikuwa juu kule wanapunga mikono, na mimi nikapunga. Huwezi kujua. Labda mmojawapo alikuwa wangu."

Baba aliinamisha kichwa. "Mama, sina cha kukwambia."

"Usijilaumu. Mwanangu amenieleza kwamba niliambiwa nikasahau. Nimejaribu kuikumbuka hiyo simu mpaka kichwa kinauma. Siikumbuki, Baba Chiriku. Hata kidogo. Mwanangu anasema nisisafiri tena peke yangu. Anataka niiache nyumba hii nikakae kwa binamu yake, nisije nikasahau jiko linawaka."

Kabla baba hajajibu, mke wa kinyozi alibisha hodi, akaingia polepole, mkono kiunoni, tumbo limetangulia. Alikuwa na ujauzito wa miezi ya mwisho.

"Bibi, karibu nyumbani. Nimekuja kukukumbusha, uliniahidi utanisindikiza kliniki siku ikifika."

"Tafuta mwingine, mwanangu."

"Bibi! Kwani nimekukosea?"

"Hujanikosea. Kichwa kinachosahau simu kitasahau nini siku hiyo? Nenda. Tafuta mwenye akili zake timamu."

Mwanamke yule alitoka akifuta macho. Bibi akabaki anaitazama mikono yake, akiigeuza juu na chini kana kwamba ni ya kuazima.

Chiriku aliinuka kitini. "Bibi," alisema. "Hukusahau."

"Unasemaje?"

"Hukusahau. Sikukupigia simu. Sikufungua tiketi yako hata siku moja, nilikuwa naangalia mchezo. Niliuona ujumbe asubuhi ile uliyoondoka, na viti vilikuwepo kwenye ndege nyingine. Nikanyamaza. Baba aliponiuliza, nikasema nilikupigia."

Baba alijishika magoti kwa mikono yote miwili. "Rudia," alisema.

Akarudia, safari hii huku analia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Njoo hapa," Bibi alisema. Chiriku alisogea akidhani anakwenda kupigwa. Bibi hakumgusa. "Meli ningeikosa nikalia, halafu nikanyamaza. Lakini wewe umenifanya nikiogope kichwa changu mwenyewe. Naamka usiku kuangalia kama mlango nimeufunga. Nimekuwa nikijihesabia vidole kama mtoto. Unajua hilo ni jambo gani kwa mtu anayeishi peke yake?"

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nina hasira, na hasira yangu ni halali yangu." Akamsukumia simu. "Mpigie mwanangu. Umweleze wewe, kwa mdomo wako huohuo."

Simu iliita kwa muda, kisha sauti ya mwanamume ikaitika. Chiriku alieleza yote, kuanzia mchezo wa kwenye kompyuta.

"Nilimwambia mama yangu kwamba amezeeka," yule mwanamume alisema. "Nilimfokea yupo bandarini, peke yake. Mpe simu."

Bibi alisikiliza kwa dakika nzima. "Eeh," akasema. "Basi, basi. Mwanamume mzima unalia hivyo, watoto watakusikia. Nyumba yangu niachie. Likizo nyingine watakupa lini?" Akasikiliza. "Mbali kweli. Wataniita bibi kwa sauti nzito, hao wajukuu." Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

Walipotoka nje, baba alitembea mpaka kona ya barabara. Hapo akasimama.

"Uvivu wako ulituharibia ndege moja," alisema. "Hiyo ningeitengeneza, ndiyo kazi yangu. Asubuhi ile ungeniambia, 'Baba, sikuifungua,' ningekufokea dakika tano, halafu ningemtafutia Bibi kiti, na jioni angelala karibu na bandari. Uliogopa dakika tano za kufokewa na mimi. Kwa ajili ya hizo, mzee amekosa wajukuu wake, kisha akabebeshwa kosa lako. Na mimi nilisaidia kumbebesha, kwa sababu nilikuamini."

"Hutaniamini tena, baba?"

"Nitakuamini, lakini itachukua muda, na utasubiri kama Bibi anavyosubiri likizo ya mwanawe. Shika hili, mwanangu. Kosa unalolisema siku ileile ni lako peke yako, na mara nyingi linatengenezeka. Ukilificha, unamtafutia mtu mwingine wa kulibeba, na huyo huwa ni yule asiyeweza kujitetea."

Chiriku alifuta pua kwa kiganja. "Nifanye nini sasa?"

"Meli hatuwezi kuirudisha. Jina la Bibi tunaweza. Wangapi wamesikia kwamba amechanganyikiwa?"

"Mtaa mzima. Ubao wetu ni mwembamba, na kinyozi ana wateja wengi."

"Basi una kazi."

Nyumba ya kinyozi ilikuwa mkono wa kulia, taa ya ukumbini ikiwaka. Baba hakwenda naye. Alisimama barabarani, mikono mifukoni, akamwacha avuke peke yake. Chiriku alibisha hodi. Mke wa kinyozi alifungua, macho yake bado mekundu, na mumewe alikuwa nyuma yake na kikombe mkononi.

"Bibi Mkunga hakusahau kitu," Chiriku alisema kabla hajakaribishwa. "Kichwa chake ni kizima. Mimi nilidanganya. Tafadhali, kesho rudi ukamwombe tena."