Kitovu Kwenye Mwiba

Haya yalimpata jirani yangu Apolonia, pale Ilula, mwaka juzi, 1954. Asubuhi ile tulikuwa tukichambua maharage mlangoni kwake, kila mmoja na mtoto wake mgongoni. Kitovu cha bintiye Lea kilikuwa kimedondoka, kingali na uzi mweusi niliokifungia mwenyewe siku alipozaliwa. Kwa desturi, bibi wa mtoto ndiye wa kukizika. Apolonia akakichomeka kwenye nyasi za paa, kimngoje mama mkwe atoke Kalenga.

Adhuhuri hakikuwapo.

Toka hapo Lea akakataa ziwa. Siku tatu. Na kila mchana, kutoka vichaka vya mtoni, mluzi mmoja mrefu, kama mtu anayeita kwa siri. Majirani wakasema mtoto anaitwa.

Nikamfuata Anania, aliyewahi kuchuna ndege kwa Mzungu mmoja mkusanyaji mjini Iringa, ajuaye milio yao. Aliacha ugali wake ukipoa, akaja. Akasikiliza, akatuongoza hadi mtoni, akatuonyesha ndege kwa kidole: kichwa cha kijivu, doa jeupe mbele ya jicho, mgongo wa kijani, tumbo la njano, kifua rangi ya chungwa lililoiva. Mdomo mnene, ncha imepinda kama ndoana.

"Ni tiva, shemeji," akamnong'oneza Apolonia. "Hupenda vichaka vizito kama hivi. Mluzi ni wake. Si mchawi."

Tukashusha pumzi. Kisha upepo ukaleta harufu.

Mgunga aliotua ulikuwa bucha lake, mawindo yametundikwa miibani. Mjusi asiye na kichwa. Kifaranga kimeoza, funza wanadondoka. Chura amepasuka tumbo. Na katikati yao, kitovu cha Lea, kinang'aa kwa ute.

Nikaziba pua kwa kanga.

Anania akatoa leso yake safi ya kanisani, akanyoosha mkono. Mkono ukasimama.

"Kimefungwa," akasema.

Uzi ulikuwa umezungushwa kwenye mwiba. Mafundo mawili, yamekazwa.

Tiva hana vidole vya kufunga mafundo.

Akaukata kwa wembe. Tukakizika ndani ya leso ile ile, bila kumngoja bibi yake, tukaweka jiwe juu. Jioni Lea akanyonya, na Apolonia akalia, amenishika mkono.

Asubuhi akaniita kwa sauti ndogo. Akafunua kanga. Kwenye kifundo cha mguu wa Lea, uzi mweusi. Una udongo. Unanuka. Mafundo mawili.

Jiwe halikuwa limesogea.

Tuliuchoma. Lea sasa anatembea, lakini alama ya uzi haijafutika. Na mluzi ukilia mtoni, huacha mchezo, akageuka, akaitika: "Abee."